Upande Usio na Moshi

Mama aliyekuwa akitufulia nguo nilipokuwa mtoto amefariki, na tumemzika Jumamosi iliyopita. Wasomaji wangu mmezoea kuniona hapa nikigombana na mashimo ya barabara na umeme unaokatika, basi pengine mtauliza mfua nguo wa watu ameingiaje kwenye safu hii. Ameingia kupitia pua yangu. Tangu Jumamosi kuna harufu moja ninayotembea nayo, na nimeona aibu kuendelea kukaa nayo peke yangu.

Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, mjane wa mfanyakazi wa reli. Zamani yeye na wazazi wangu walikuwa majirani katika mtaa ulioangaliana na bomba kubwa la moshi la tanuru la shaba. Upepo ukigeuka, moshi ule ulishuka barazani, ukakwaruza koo na kukausha mboga za lengalenga bustanini. Kisha baba akapandishwa cheo hukohuko kwenye tanuru alikofanya kazi, tukapewa nyumba mtaa wa Golf, ambako upepo haukuuleta moshi. Mama yule akabaki kule. Siku za kufua alikuja kwetu kwa miguu, mgongoni amembeba kitinda mimba wake, msichana mwenye kikohozi kisichosikia dawa.

Siku moja, kiangazi kikielekea kwisha, nguo zote zilikuwa kwenye kamba, na mashuka yetu meupe yalikuwa yamekaribia kukauka. Mvua ya kwanza ikaanza ghafla, matone makubwa yakipiga vumbi, na ua mzima ukajaa harufu ya udongo uliokuwa na kiu ya miezi. Wote tukakimbilia nguo isipokuwa yeye. Alisimama katikati ya ua, mtoto mgongoni, macho amefumba, akivuta pumzi. Mama yangu akamwita kutoka mlangoni, "Mama, banguo inalowa!" Akajibu bila kufumbua macho, "Acha kwanza, mama. Huku kwenu mvula iko na harufu ya udongo. Kwetu inakuyaka na moshi." Nikaenda kusimama karibu yake, nikavuta pumzi kama yeye. Mpaka leo sijanusa kitu kitamu kuliko kile. Mtoto alikuwa amelala, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akikohoa.

Mvua ilipopungua, akasema jambo ambalo nadhani alitembea nalo njia nzima. "Mama, mutoto abakie hapa kwenu masiku kiloko, mpaka kifua ipoe." Mama yangu akatazama chini. "Tutaona, mama," akasema. Jioni alimweleza baba mezani. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kurudi alikotoka. Alisema nyumba ni ya kampuni, na leo ukichukua mmoja kesho mtaa mzima uko mlangoni. Kisha akaongeza, "Na ule moshi njo unatulisha shiye bote." Sisi sote tuliolishwa na moshi ule tukaendelea kula. Yule mama hakuuliza tena, na aliendelea kutufulia mpaka mikono ikamkatalia.

Nimejaribu kumlaumu baba, lakini nashindwa, maana mji mzima ulikuwa ukisema maneno yake. Miaka ile ya Zaire tulijivunia moshi. Jumamosi za salongo, watu wakifyeka majani ya barabara kwa lazima, walitazama juu, na wakiuona moshi walitulia: kazi ipo. Shuleni tulipoambiwa tuchore mji wetu, kila mtoto alianza na bomba. Mimi nililichora vizuri sana, nikasifiwa. Sikuchora mtu yeyote upande ule ambako moshi ulikuwa ukienda. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mimi nilimjua, alikuwa uani kwetu, na nikashiba hivyohivyo.

Jumamosi, jeneza lilipokwisha kushushwa, mvua ya kwanza ya mwaka huu ikatukuta makaburini. Udongo mpya uliorundikwa kando ya shimo ukatoa ile harufu. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ndefu, na nimefurahi, kabla sijakumbuka nimesimama wapi. Kando yangu alikuwa yule msichana wa mgongoni, sasa mama mzima, kifua bado kinampigia filimbi. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonichoma. "Mama alipendaka hii harufu," akaniambia. "Alikuwa anasemaka, kwenu ndiyo inakuwaka muzuri."

Funzo nililorudi nalo ni hili: hewa safi nayo ina mtu aliyetulipia, na mara nyingi tunamfahamu kwa sura. Yule binti akatupa konzi yake ya udongo kaburini, akaanza kukohoa, na mimi nikasimama pale nimebana pumzi mpaka alipomaliza.