Ziara Ambayo Athol Hakuwahi Kuisikia

Nyumba ya Glenmarra, nje kidogo ya mji wa Hamilton huko Australia, ilijengwa enzi za Malkia Viktoria na babu mzaa babu yake Athol Tennick, kwa mawe meusi na utajiri wa sufu. Tangu hapo kuta zake hazijawahi kupata joto. Kwa miaka ishirini na sita mke wa Athol, Verna, aliifungua kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa wageni waliotaka kuona matajiri wa kale walivyoishi, na wajukuu wao wanavyotega ndoo ukumbini mvua ikinyesha. Na kila Jumapili hiyo Athol alitoroka. Alikunywa chai, akavaa kofia, akaenda kujificha kwenye banda la kunyolea kondoo mpaka gari la mwisho liondoke. Ukimuuliza, alisema ana mashine ya kutengeneza. Mashine gani hiyo inayoharibika kila mwezi kwa tarehe, hakuna aliyejua.

Verna alifariki mwezi wa pili. Wageni wa Mei walikuwa wamekwisha kujiandikisha. Dulcie Prowse, jirani aliyewaokea wageni skonzi miaka yote hiyo, na shoga wa Verna wa chanda na pete, alijitolea kuwatembeza. Athol akakataa. Nyumba ni yake, alisema, ataitembeza mwenyewe.

Ubishi tu. Hakuwahi kusikia hata neno moja la ziara yenyewe. Isitoshe, ziara iliishia ghorofani, kwenye chumba chenye kitanda cha mwerezi walimozaliwa akina Tennick wote, na humo ndimo Verna alimokata roho. Tangu mazishi Athol hakuwa ameugusa mlango ule. Alilala kwenye kochi la jikoni, nguo zake kazitundika stoo, mtu mzima wa miaka sabini na mmoja. Alikuwa amemwambia Dulcie waziwazi kwamba chumba kile kikimshinda siku ya wageni, basi anafunga nyumba na kuhamia kwa binti yake mjini Geelong.

Wakaja watu kumi na wawili. Chini mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Mwaka wa kujengwa kwa meko hakuujua, wala jina la fundi wa dari. Badala yake aliwaonyesha mahali posamu, yule mnyama wa usiku apandaye miti, alipotoboa dari hiyo akaangukia kwenye keki ya harusi ya shangazi yake, na meza ya kulia ambayo mama yake aliwalaza wanakondoo juu yake ule mwaka wa mvua kubwa. Wageni walicheka, na Athol akaanza kujisikia mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, na mpaka kwenye ngazi ilikuwa kweli.

Juu, akashika kitasa. Akakiachia.

"Hapa pana matengenezo," alisema. "Tushukeni tukanywe chai."

Hakuna aliyesogea. Mama mmoja wa makamo, mwenye koti la kijani, akaeleza kwa upole kwamba yeye alishakuja mara mbili, na leo kamleta dada yake hasa kwa ajili ya yale maneno ya hapa mlangoni.

"Maneno gani?"

Mama akageuka kumtazama Dulcie, aliyekuwa amewafuata na aproni yake yenye unga.

"Kwani hujui, shemeji?" Dulcie aliuliza.

"Nitajuaje? Si nilikuwa bandani."

"Basi Hamilton nzima inajua isipokuwa wewe." Akapanda ngazi mbili zilizobaki. "Alikuwa akisimama hapo hapo uliposimama. Anawaambia, 'Nyumba hii ni baridi, inavuja, na kuipiga deki kunataka moyo. Watu wanadhani niliolewa na nyumba. Mimi nilimfuata mtu, yule anayejificha kule kwenye banda la kondoo. Angekuwa anaishi bandani, ningehamia bandani.'"

Watu wa huko wako hivyo. Mke na mume wataongea miaka arobaini juu ya mvua, kwato za kondoo na ugonjwa wa mbwa, na neno lenyewe lisiguswe, maana kila mmoja anadhani mwenzake analijua. Verna hakuwahi kumwambia Athol jambo hilo. Alikuwa akiwaambia wageni. Lilimuuma Athol, na lilimfurahisha, vyote kwa mpigo.

"Alilisema lini?"

"Kila ziara," Dulcie akajibu.

Athol akafungua mlango.

Wageni waliingia kwa kunyata, wakajipanga ukutani. Hewa ilikuwa nzito. Mtu mmoja akauliza Verna alikuwa akilala upande gani, Athol akaonyesha upande wa dirishani. Kisha akavua kofia. Alikusudia kuwasimulia habari za kitanda, lakini sizo zilizomtoka.

"Kule bandani kuna mbao mbili za ukutani zimeachana, unaweza kuchungulia," alisema. "Nilikuwa nakaa hapo. Mke wangu akishawasindikiza wageni mpaka getini, namtazama anavyorudi mpaka aingie ndani. Kila mwezi. Sikuwahi kumwambia."

Dulcie akafuta macho kwa aproni, akajipaka unga usoni.

"Alijua, shemeji," akasema. "Unadhani kwa nini alikuwa akirudi polepole vile?"