Siri Iliyofungiwa Daftarini

Juzi nilikuwa mapokezi ya ofisi moja hapa Bagamoyo, nasubiri barua yangu igongwe muhuri. Ukutani pana tangazo: mfanyakazi mwenye sonona au msongo wa mawazo amwone mshauri, kwa siri.

Akaja dada wa masjala, macho mekundu, akamwendea mama wa mapokezi.

"Shikamoo mama. Nataka kumwona mshauri."

"Marahaba mwanangu. Andika hapa jina, idara na tatizo."

"Si walisema siri?"

"Siri ndiyo! Daftari hili simwachii mtu. Tunasoma mimi na bosi tu."

Dada akamtazama mama, kisha akanitazama na mimi, kama vile nimetumwa.

"Mama, wiki ya tatu hii silali. Niandike hivyo, na mkataba wangu unakwisha mwezi ujao?"

"Andika tu, hapa hatusemani."

Akailaza kalamu taratibu, akarudi masjala.

Mama akanifunulia ukurasa mtupu, kwa fahari. "Unaona? Tangu waanze, hajajiandikisha hata mmoja. Watu wetu wazima kabisa."

Sina shaka ripoti itasema hivyo hivyo, na bosi atapigiwa makofi. Atakayeitia kwenye jalada ni yule dada.