Nilipiga picha majani ya mianzi Kilolo, nikaambiwa nionje ulanzi mbele ya watu

Jumamosi iliyopita, Kilolo. Usiku mvua ilinyesha, alfajiri ikakata, ukungu ukawahi kupanda na jua likatoka kali.

Wakuu, habari za humu. Shule yangu iliishia la saba, mtanivumilia nikikosea kuandika. Ila naandika kama ilivyotokea, hata pale panaponiumbua.

Mimi ni wa Mbeya mjini, Muislamu, pombe sijawahi kuonja. Naishi Ipogolo, Iringa. Mke wangu ni Mhehe wa Kilolo, na siku hiyo tulikuwa kwao kusalimia.

Nina ugonjwa mmoja: kupiga picha majani jua likiwa nyuma yake. Simu ya kawaida tu.

Unachuchumaa, unalificha jua nyuma ya jani, unagusa jani kwenye kioo ili focus ikae pale, halafu unashusha mwanga kidogo. Jani linawaka kama taa, mishipa yote unaiona. Ukikosea unapata giza tupu. Mimi nakosea mara nyingi.

Jirani wa wakwe zangu, Baba Tumaini, ana shamba la mianzi. Majani yalikuwa bado na matone ya mvua. Nikaingia bila hodi.

Kwa wasiojua: msimu wa mvua mwanzi mchanga hukatwa ncha, hufungiwa chombo cha mwanzi kinachoitwa mbeta, utomvu wake unadondokea humo na kuchacha kuwa pombe, ndiyo ulanzi.

Sasa jani nililolipenda lilizibwa na mbeta. Nikaisogeza kwa mkono wa kushoto, nikapiga kwa mkono wa kulia.

"We! Unafanya nini kwenye mbeta yangu?"

Baba Tumaini huyo, amekuja kugema.

"Shikamoo baba. Napiga picha majani."

"Majani! Mtu mzima na ndevu zake?"

Nikampa simu aangalie. Kina mama waliokuwa wanapita na ndoo za maji wakasogea nao.

"Haya hata mbuzi wangu anayaona kila siku," akasema, "na hajasumbua mtu."

Kina mama wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha akafikia picha ya mwisho, na pembeni vidole vyangu vinaonekana vimeshika mbeta. Kicheko kikakatika.

Nimtendee haki Baba Tumaini. Ulanzi ule ni wa kupeleka kilabuni. Huku mbeta haishikwi na asiye mwenyewe, maana watu wanaogopa kutiliwa sumu. Wakisikia mgeni kaishika, nani atakunywa? Angekuwa mkali zaidi ya pale ningemwelewa.

Akaifungua mbeta, akaibeba hadi uani kwa baba mkwe, sisi nyuma. Akasema kwa upole tu:

"Mzee mwenzangu, sina ugomvi na mkweo. Aliyeishika aonje mbele ya watu, yaishe."

Kila mtu akaniangalia. Mke wangu akaninong'oneza, "Umeniletea nini wewe?"

Nikinywa, dini yangu. Nisipokunywa, nimekuwa mtia sumu ukweni, na ndoa yenyewe waliikubali kwa shida.

Kibaya zaidi nikaanza kujishuku mwenyewe: asubuhi nilishika nini? Mikono niliosha kweli?

Nikasema, "Baba, mimi sinywi. Sikuweka kitu chochote. Lakini kosa la kushika ni langu."

Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Akajipangusa mikono, akaichukua mbeta, akamimina kwenye kikombe, akanywa chote.

"Huyu nilimpa binti yangu," akamwambia Baba Tumaini. "Nitashindwa kumwamini kwa mbeta moja?"

Akalamba midomo. "Ila umechacha. Mbeta zako huwa unaziosha lini?"

Watu wakaangua kicheko, Baba Tumaini mwenyewe akiwemo. Akanishika mkono: "Siku nyingine piga hodi, mkwe. Nitakuonyesha majani mazuri kuliko hayo."

Wakuu, nikakaa chini hapo hapo kwenye magunzi.

Nilichojifunza: shamba la mtu ni nyumba ya mtu, hata kama wewe unataka majani tu. Omba kwanza. Na kitu kikiziba picha yako, sogea wewe, usikisogeze.

Sijui hadi leo kama ningekunywa au ningekataa. Ninyi mngefanyaje? Hasa wenzangu Waislamu mliooa huku. Niambieni, hata mkinisema sawa tu.

Jioni kulikuwa na ugali na maharage ya karanga. Nilijua sikuweka kitu, lakini chakula hakikushuka, nikawa namwangalia baba mkwe kwa kuibia. Akala taratibu, akamaliza, akamsogezea mama mkwe sahani.

"Ongeza," akasema.

Ndipo na mimi nikamega tonge.