Kilio cha Kwenye Ile Muvi ni Changu

Admin, jina langu lifiche. Sauti sikuombi uifiche, maana wengi humu mnayo kwenye flashi zenu. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nina mtoto mmoja wa kike, na nyumbani kwangu kulikuwa Tukuyu mjini, maeneo ya Bagamoyo ya huku huku, siyo ile ya Pwani. Nasema kulikuwa kwa sababu sasa hivi niko kwa wazazi wangu Lupepo, na Jumapili mume wangu anakuja na wazee wake kunirudisha.

Mume wangu anatafsiri muvi. Zile za watu wanaopaa na kunyanyua magari, anaziwekea sauti ya Kiswahili, watu wanakuja dukani kwetu kuingiziwa kwenye flashi, na vibanda umiza vya huku karibu vyote vinazionyesha. Mwanzoni alifanya sauti zote mwenyewe, hata za wanawake, anabana pua. Aliponioa nilimcheka sana. Nikamwambia, "Mume wangu unatuaibisha, wanawake hatuongei hivyo. Hebu nipe hiyo maiki." Tangu siku hiyo wapenzi wote wa mashujaa wakawa mimi.

Jamani, niliipenda ile kazi. Zamani mpenzi wa shujaa alikuwa wa kutekwa tu na kupiga makelele juu ya ghorofa. Wadada wa siku hizi wana kazi zao. Huyu daktari, huyu mwandishi wa habari, ana gari lake, ana nyumba yake, shujaa akileta uongo anaambiwa usoni na maisha yanaendelea. Nilipokuwa nawasemea nilijisikia mrefu. Wateja wa kike walikuwa wananiambia, "Dada, pale ulivyomjibu yule jamaa umetusemea wote."

Mume wangu hayo hayakumfurahisha. Akaanza kubadilisha maneno. Mdada kwenye picha anasema siachi kazi yangu kwa ajili yako, mimi naandikiwa niseme, "Nisamehe mpenzi, bila wewe mimi si kitu." Kiingereza changu si kikubwa, lakini hayo nayasikia. Nikimuuliza ananijibu, "Watu wa huku hawataki mwanamke mwenye kiburi. Soma kilichoandikwa." Nikawa nasoma. Na dukani nako akaanza kunikataza kuongea na wateja.

Halafu ikaja muvi moja, shujaa amemdanganya mchumba wake muda mrefu. Mdada anavua pete, anaiweka kwenye ukingo wa daraja, anaondoka zake. Macho makavu kabisa. Mume wangu akataka hapo nilie na kuomba msamaha. Nikakataa. Nikamwambia, "Mwangalie usoni, huyu halii. Mimi silii kwa niaba yake."

Akasema, "Utalia."

Sitaki kuelezea sana. Alinipiga mpaka nikadondokea chini ya meza. Tukuyu kwetu mvua ikipiga bati hakuna kurekodi, kwa hiyo kile chumba cha kurekodia tulikizungushia magodoro ya zamani ukutani, mimi ndiye niliyeyashona. Majirani hawakusikia chochote. Siku hiyo wala mvua haikunyesha. Na maiki ilikuwa imewashwa.

Hilo la maiki sikulijua mpaka muvi ilipotoka. Nilikuwa napita karibu na soko, mtoto mgongoni, nikasikia kilio kinatoka kwenye kibanda umiza. Nikakitambua. Nikachungulia. Kwenye picha yule dada anaonekana kwa nyuma anatembea, mgongo umenyooka, na juu yake nalia mimi, "Basi, basi, nakufa." Mume wangu ameongezea sauti yake, "Kiburi kwisha habari yake!" Ukumbi mzima wakacheka, hadi wanawake. Mtoto wangu mgongoni akaanza kulia. Yeye alinitambua.

Nilirudi nikachukua nguo za mtoto, na flashi moja yenye ile muvi, nikaja Lupepo. Wazazi niliwaambia tumegombana tu. Baba akasema ng'ombe wa mahari wako zizini, na ugomvi upo kila nyumba.

Juzi mdogo wangu katoka nayo senta ile muvi, akaiweka kwenye runinga sebuleni. Ilipofika pale darajani baba alicheka mpaka akakohoa. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akaacha.

Baadaye tuko jikoni wawili akaniambia, "Gwe mwanangu, pale hukuigiza."

Nikasema, "Ndiyo mama."

Nilidhani atanishika. Akachukua kisu akaendelea na ndizi zake. "Usimwambie baba yako. Hata mimi nililia, ni vile hapakuwa na mashine." Hatujaongelea tena.

Sasa Jumapili ndiyo hiyo inakuja. Wanasema mume wangu ameshaniombea msamaha kwa wazee, na kwamba kuna muvi mpya inanisubiri. Flashi ninayo. Kuna moyo unaniambia niiweke mbele yao wote, baba akiwepo, niwaambie kile siyo kuigiza. Mwingine unaniambia niende nayo dawati la jinsia pale polisi. Mwingine unaniambia nirudi tu, nitamlea wapi huyu mtoto. Kinachonitisha siyo kipigo tena. Naogopa nitaiweka, na wazee nao watacheka, maana ukiacha mama na mtoto wangu, hakuna aliyewahi kufika pale bila kucheka.

Ndugu zangu, wekeni mawazo yenu hapa, nitasoma yote hata ya matusi. Niitoe ile flashi au nirudi kimya? Ila ninaomba kitu kimoja. Kama hiyo muvi unayo, kabla hujanishauri irudishe pale darajani. Mwangalie yule dada anavyoondoka, halafu nisikilize mimi.