Kinyozi Mstari na Kiuno Kilichogoma

Kiuno cha kinyozi Mstari kiligoma Jumanne moja, saa nne asubuhi, mwenyewe akiwa amefika katikati ya kichwa cha mwalimu mkuu. Katikati hasa, utadhani alipima kwa rula. Upande wa kushoto uling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, na upande wa kulia nywele zilikuwa bado zimesimama vilevile zilivyoingia mlangoni. Mstari aliinama kidogo ili apate nyuma ya sikio, akasikia kitu kimelia *ka!* chini ya mgongo, na baada ya hapo hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Fundi," mwalimu mkuu akaita, macho ameyafumba. "Mbona umenyamaza?"

"Usitikisike, Mwalimu."

"Umenikata?"

"Mimi ndiye niliyekatika."

Jina la Mstari alipewa na wateja, kwa jinsi alivyojua kuchonga paji la uso la mtu likanyooka kama ukingo wa meza. Alikuwa na miaka ishirini na saba katika kazi hiyo, na maumivu hayakumwanza siku ile. Yalikuwepo muda mrefu, ila yeye aliyaita uchovu. Kila jioni, baada ya kuzima mashine, alikuwa akishika fremu ya mlango na kujinyoosha polepole, anajigeuza huku na huku kama mtu anayejaribu ufunguo asio na uhakika nao. Mkewe akimuuliza, alijibu kwamba anaangalia hali ya hewa.

Sababu ya kuficha ilikuwa moja. Shemeji yake, fundi wa pampu za maji, aliwahi kumwambia kwamba migongo yote ya namna ile huishia kupasuliwa. Basi Mstari, mtu aliyeshika wembe maisha yake yote, aliogopa kisu kuliko mtoto anavyoogopa sindano.

Siku ile walimrudisha nyumbani juu ya benchi la kusubiria. Wateja wawili walishika mbele, wengine wawili nyuma, naye amelala ubavu, amejikunja kama namba saba. Mwalimu mkuu alitangulia kuwasafishia njia, shuka la kunyolea likiwa bado shingoni na nusu kichwa ikimeremeta juani. Wanafunzi wake wawili waliokuwa wametumwa chaki walikutana na msafara huo, wakasimama wima na kuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," macho yamewatoka pima.

Mke wa Mstari alifungua mlango. Akamtazama mumewe, akatazama kichwa cha mwalimu mkuu, akarudi tena kwa mumewe.

"Mgonjwa ni yupi?" akauliza.

Walipomlaza, mmoja wa wabebaji alimshauri mwalimu mkuu apite kwa kinyozi wa pili, mtaa wa nyuma, amalizie. Mwalimu alimkazia macho kama anavyowakazia wachelewaji.

"Kichwa hiki kimeshikwa na mtu mmoja tangu nikifundisha darasa la pili," akasema. "Hakitaanza kuzurura leo."

Akanunua kofia. Tangu siku ile alifika kila alasiri baada ya vipindi, akaketi kando ya mgonjwa na kuuliza maendeleo. Hakuna ndugu aliyemtembelea Mstari kwa uaminifu ule, na hakuna aliyekuwa na haraka kama yeye.

Wa kwanza kuleta tiba alikuwa dada mkubwa wa Mstari, mwanamke asiyeambilika. Alitupia macho godoro, akalaani. "Mdogo wangu, hili ndilo linalokumaliza. Mgongo unataka ubao." Ubao haukuwepo, kwa hiyo akaamuru mlango wa chumba ung'olewe, ulazwe sakafuni, na Mstari alazwe juu yake. Mlango uling'olewa. Kitasa hakikung'olewa, kwa sababu skrubu zilikuwa na kutu na dada alikuwa na haraka. Kufikia siku ya tatu Mstari alikuwa na maumivu mawili, ya kiuno na ya kitasa. Tena chumba kikawa wazi, kila aliyekuja kuazima pasi alimwona, akampa pole, na akaacha ushauri wake kabla ya kuondoka na pasi.

Mmoja alisema achuliwe, akachuliwa mpaka akanuka kama duka la dawa. Mwingine alileta mkanda mpana wa kufunga kiuno, wakaukaza mpaka akawa anaongea neno moja moja. "Niletee. Maji," alisema. "Ya. Kunywa."

Siku ya nane alikuja shemeji, na mnyororo wa kunyanyulia pampu begani.

"Mgongo ni bomba tu, shemeji," akaeleza. "Bomba likijikunja huliachi hivyo. Unalivuta."

Mstari alikataa, kisha akauliza kama kuvutwa ni sawa na kupasuliwa. Shemeji akasema hapana, hakuna hata tone la damu. Basi Mstari akapiga moyo konde. Walimfunga mikanda chini ya makwapa, wakapitisha mnyororo kwenye boriti ya sebuleni, shemeji akavuta. Miguu ya Mstari ikaacha sakafu. Kwa dakika mbili nzima alijisikia nafuu, akatabasamu hata kwa dada yake. Shemeji alipotaka kumshusha, mnyororo ukakwama. Akavuta, akagonga, akatukana kiwanda kilichoutengeneza. Mwishowe akasema anakwenda karakana kuchukua spana, hachelewi.

Alichelewa. Mwalimu mkuu alipofika alasiri ile, alimkuta kinyozi wake ananing'inia sebuleni kama koti. Akampa pole kwa dhati kabisa. Kisha akamzunguka mara moja, akivua kofia taratibu.

"Fundi. Mikono yako si iko huru?"

"Mwalimu, tafadhali."

"Nauliza tu. Na hapo ulipo, huinami."

Ukweli ni kwamba Mstari alishaanza kuona haya kwa ile nusu ya kichwa. Ilikuwa kazi yake, na ilikuwa inatembea mjini bila kumalizika. Mke alikuwa sokoni, dada ameshaondoka, wa kumzuia hayupo. Mwalimu akafuata mashine saluni, akaketi kwenye kiti chini yake, akainua kichwa, na Mstari akaanza. Alipitisha mstari mmoja mzuri juu ya utosi. Ndipo mnyororo ulipoanza kujizungusha, polepole, naye akazunguka nao, mashine mkononi, hajui aizime vipi bila kuiangusha. Shemeji aliporudi na spana alikuta Mstari ametazama ukutani, na juu ya kichwa cha mwalimu kumechorwa njia iliyopinda kuelekea sikioni kama barabara ya mlimani.

Mke alirudi na kikapu chake. Hakupiga kelele, na hilo liliwatisha wote zaidi.

"Mshusheni," akasema. "Kesho hospitali."

"Watanipasua, mama watoto."

"Wakikupasua, nitakushona mwenyewe."

Asubuhi wakaenda, yeye, mkewe na mwalimu mkuu, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa sababu za kifamilia. Daktari alimpima Mstari, akampeleka chumba cha mwisho kwenye korido, kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Alikuwa binti mfupi, mikono ya shati ameikunja, sauti yake haina haraka. Mstari aliingia amekumbatia mfuko wenye nguo za kulalia, mswaki na sabuni, tayari kwa mabaya.

"Miguu inakufa ganzi, mzee?"

"Hapana," akajibu mwalimu mkuu.

"Haja ndogo na kubwa zinatoka kama kawaida?"

"Kama kawaida," akajibu mwalimu mkuu.

Binti akamgeukia. "Na wewe baba, una tatizo gani?" Mwalimu akavua kofia. Binti alitazama muda mrefu, akaandika kitu kwenye karatasi, akaendelea na kazi yake.

Alimgonga Mstari magoti kwa kinyundo, akamwinua mguu mmoja mmoja, akambonyeza kiunoni mpaka akaruka. "Hakuna cha kupasua hapa," akasema. "Misuli imekaza, na kulala kumeifanya ikaze zaidi. Umelala siku ngapi?"

"Tisa. Juu ya mlango."

"Juu ya nini?"

Mke akaeleza. Alieleza mlango, kitasa, mkanda na mnyororo, bila kutia chumvi, kwa kuwa haikuhitajika. Binti aliomba radhi, akatoka nje kidogo, na waliobaki ndani wakamsikia akikohoa kwa namna iliyofanana sana na kicheko. Aliporudi uso ulikuwa mkavu.

"Sasa nionyeshe unavyofanya kazi."

Mwalimu mkuu aliketi kwenye kigoda bila kungoja kuambiwa. Mstari akashika kalamu ya binti badala ya mashine, akainama.

"Kiti chako cha kazini kiko chini hivyo?"

"Ndiyo, kiko hivyo hivyo."

"Viti vya kinyozi si vinapanda?"

"Kilikuwa kinapanda. Pampu yake ilikufa."

"Ilikufa lini?"

"Ina miaka minne."

"Na kiuno kilianza kuuma lini?"

Mstari alikitazama kile kigoda. Akamtazama mkewe, naye mkewe akatazama dari kwa hisani kubwa.

Tiba aliyopewa ilimvunja moyo kwa udogo wake. Vidonge vya maumivu vya siku chache. Chupa ya maji ya moto juu ya kiuno. Mto chini ya magoti akilala, tena alale kitandani. Atembee dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kisha aongeze kidogo kidogo. Na mazoezi matatu: alale chali, akunje magoti na kunyanyua makalio; avute magoti kifuani; apige magoti na mikono chini, akunje mgongo juu na kuushusha kama paka aliyeamka. Kila nusu saa kazini, apumzike na kujinyoosha.

"Ni hivyo tu?" Mstari akauliza. Alijisikia kama amedhulumiwa. Alikuwa amekuja na sabuni.

"Hivyo tu, lakini kila siku. Haitaisha kwa wiki moja. Na kuna siku itauma tena, usiogope. Ikiuma haina maana kwamba umevunjika."

Wiki ya kwanza alitembea mpaka kwenye nguzo ya pili ya umeme na kurudi, mwalimu mkuu ubavuni akimhesabia hatua kama gwaride la shule. Wiki ya tatu walifika sokoni. Wiki ya tano shemeji, kwa kulipia dhambi ya mnyororo, alijitolea kufufua pampu ya kile kiti. Aliifufua kweli. Kiti kilipanda, kikapanda, kikafika juu kabisa, na kikakataa kushuka mpaka leo. Mbele yake wakaweka ngazi ya mbao yenye vipandio vitatu.

Wa kwanza kupanda alikuwa mwalimu mkuu. Alipanda kwa adabu, akaketi, kichwa karibu na taa. Hapo pakazuka ugumu ambao hakuna aliyeufikiria. Upande wa kushoto ulionyolewa ulikuwa umeota, upande wa kulia umekuwa kichaka, na ile barabara ya mlimani ilikuwa katikati ya hali hizo mbili.

"Nianzie wapi, Mwalimu?"

"Popote, fundi. Umalize tu."

Mstari alimaliza, wima, bila kuinama hata mara moja. Mwalimu alijitazama kwenye kioo, kushoto na kulia. Kisha akasema amezoea kofia, akaivaa, akaenda zake.

Kazi ilirudi, na ile nusu saa ikawa sheria. Saa ya mezani ikilia, Mstari aliweka mashine chini, akatandika mkeka na kujikunja kama paka, mteja akisubiri juu na shuka shingoni. Mwanzoni walicheka. Halafu mfyatua matofali akakiri kwamba na kiuno chake kinamuuma, akashuka ngazi akajaribu. Mshona viatu akafuata. Siku moja afisa afya wa mji aliingia kukagua usafi, akakuta wanaume watano wamepiga magoti na mikono chini, mashuka shingoni, mmoja kanyolewa nusu, wote wakipandisha na kushusha migongo kwa pamoja.

"Hapa ni saluni au zizi?" akauliza.

"Ni saluni," Mstari akajibu kutoka chini. "Karibu kiti. Angalia kichwa, taa iko karibu."

Afisa aliandika kwamba sakafu ni safi, jambo ambalo wale watano walikuwa mashahidi wake wa karibu.

Kiuno hakikupona chote. Kuna asubuhi kilimbana, naye akajikaza, akaweka chupa yake ya moto, akatembea, kikalegea. Hakuficha tena. Kusema kweli alizidisha upande wa pili. Akawa anaeleza habari za kiuno kwa wateja, kwa majirani, kwa watu waliosimama tu kumuuliza njia. Nyumbani alieleza asubuhi na jioni.

Jumapili moja alikuwa uani, amelala chali, magoti kifuani, anamsimulia mkewe jinsi siku hiyo upande wa kulia ulivyo tofauti na wa kushoto. Mkewe alikuwa ameinamia beseni la nguo. Alikamua shati, akainuka, na kwa sekunde moja akashika kiuno, akajigeuza huku na huku.

Mstari aliacha kusimulia. "Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Kinauma?"

"Kinauma."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto wa pili."

Mtoto wa pili alikuwa na miaka kumi na tisa. Mstari alikaa, akahesabu. "Mbona hukusema hata siku moja?"

"Ningeugulia wapi, baba watoto? Nafasi yote umeichukua wewe."

Mstari aliinuka, siyo kwa haraka, akabeba meza ya jikoni mpaka uani kwa namna aliyofundishwa, magoti yakikunjika na mgongo ukibaki wima, akaiweka mbele ya mkewe. Mkewe akaweka beseni juu, akajaribu kufua amesimama, akasema maji yanamrukia usoni. Wakatafuta matofali ya kusimamia, wakaondoa, wakarudisha mawili, mpaka kimo kikakaa sawa.

"Jumatatu tunakwenda kwa yule binti," Mstari akasema. "Safari hii nitakaa nje."

"Ukae ndani," mkewe akamwambia, akirudi kwenye shati. "Ila usijibu."