Siku Mkwe Wangu Aliponiomba Mguu

Ile kanda ya video ya harusi ya mjukuu wa Bi Rukia mmeiona, msijifanye hamkuiona, na pale pa kuisimamisha mnapajua, pale gari la kijani linapoingia mbele ya ukumbi kwa kasi isiyo ya harusi na mimi nimo ndani, mtu mzima nimeshahiji, guu langu limelala juu ya mguu wa mume wa mwanangu. Mmecheka miaka yote hii. Leo naandika mwenyewe, kwa elimu yangu ya darasa la nne, maana nimechoka kuhadithiwa aibu yangu na watu ambao hawakuwamo garini.

Tulikuwa tunakaa Barking, huku ughaibuni, mimi na binti yangu Mwanaidi na mumewe Shomari, nyumba moja, jiko moja. Mwanaidi alikuwa na mimba ya miezi saba. Kabla ya hiyo zilishatoka mbili, hii ndiyo ya kwanza kufika mbali hivyo, kwa hiyo nyumba nzima tulikuwa tunatembea kwa ncha za vidole, hata mlango hatuubamizi. Hilo liwekeni kichwani, maana ndilo jambo lenyewe, mguu ni upuuzi tu uliokuja juu yake.

Shomari ni mtu wa Pangani na amelelewa. Mkwe aliyelelewa mnamjua: hakutazami usoni, hali sahani moja nawe, ukiingia sebuleni anainuka, na neno hapana halimtoki mbele yako hata umwambie leo ni Ijumaa na kumbe ni Jumanne. (Nilijivunia sana adabu hiyo, nikiwasema wakwe za wenzangu kila nilipokaa.) Kazi yake ilikuwa kuosha mabasi, lakini mikono ni ya ufundi, na alikuwa na gari la zamani ambalo injini yake ya petroli ilikufa. Mwingine angelitupa. Yeye akaenda kwa wauza vyuma chakavu akarudi na injini ya dizeli iliyotolewa kwenye kigari cha mizigo, akaipachika.

Kumbe kupachika si kazi, kazi ni vile vinavyoizunguka. Injini ile ilikuwa pana, ikaenda kukaa palepale zilipopita paipu za breki, basi akazing'oa zote na kukunja mpya zipite kando, na ili zikunjike bila kuvunjika alizizungushia kifimbo changu cha kusukumia chapati, alichokiomba kupitia kwa mkewe maana kwangu asingethubutu. Nilikitoa huku nimenuna. Kisha kulikuwa na kitu wanakiita busta, dude la chuma mviringo kama vikaango viwili vilivyofunikana, ambalo kazi yake ni kuusaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Lile la zamani likawa linagusana na injini, akatafuta dogo zaidi. Sasa busta halifanyi kazi mpaka livutwe hewa, na injini ya petroli huivuta yenyewe, lakini ya dizeli haivuti mpaka ifungiwe pampu yake pembeni. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua kitu kimoja tu, kwamba gari limewaka.

Jumamosi ya harusi nikatoka nje nimeshajipamba, sufuria la pilau la watu sitini liko tayari mlangoni, nikamkuta Shomari ameinama kwenye boneti na pampu iko mkononi, haijapata pa kukaa. Nikamwambia afunge twende, tumechelewa.

Akaitazama ile pampu, akatazama chini. "Mama," akasema, "breki zipo, ila bado hazijapata msaidizi wake."

Nikamjibu kwamba na sisi tumo watatu, msaidizi wa nini tena. Akatabasamu kidogo. Akasema, kwa ile sauti yake ya kuomba maji, kwamba siku hizi kiti cha gari kinamchosha Mwanaidi, labda yeye angekwenda kwa treni ya chini ya ardhi akatukuta hukohuko. Nikamuuliza sufuria atashika nani. Akasema hata pilau lenyewe nadhani treni ingelipokea. Hapo nikacheka. Pilau langu liende chini ya ardhi pamoja na wenye mabegi na baiskeli! Nikamwita Mwanaidi, nikamkalisha nyuma, nikamwekea sufuria kwenye kiti ubavuni mwake alishike kwa mikono miwili. Ni mimi niliyemkalisha. Mwenyewe alitaka treni.

Mimi nikakaa mbele kwa sababu nyuma hapakubaki nafasi, na kati yangu na mkwe nikaweka mkoba wangu mweusi, stara yetu ndiyo hiyo.

Njia nzima aliendesha kama anasindikiza maiti. Gari la mbele liko huko, sisi tuko huku, katikati pangeweza kuingia basi na kweli likaingia. Taa ikiwa nyekundu kule mbali yeye ameshaanza kukanyaga, na akikanyaga anainuka kitini na kung'ang'ania usukani kama anavuta ng'ombe. Jasho linamtoka mpaka kola imelowa. Nikadhani ana homa. Nikamsema. Nikamwambia baba, hata marehemu mume wangu na lori la mkonge alikuwa anakimbia kuliko hivi, na Mwanaidi huko nyuma akasema taratibu, "Mama, mwache aendeshe," nikamsema na yeye.

Tulipofika chini ya kile kilima cha Harrow, ukumbi uko upande wa pili kule karibu na Rayners Lane, Shomari akawasha taa ya kukata kona. Akasema huku chini ni tambarare, mama, njia nzuri tu. Nikamwambia kuzunguka kwa nini wakati kilima hiki hapa, mpwa wa Bi Rukia alitupitisha juu tukafika mara moja. Wenye magari nyuma wakapiga honi. Akaizima ile taa, na tukapanda.

Kupanda hakukuwa na neno. Tulipofika juu na barabara ikainama, nikaona mguu wake wa kulia unashuka kwenye breki na gari halina habari naye. Akainuka. Akakanyaga mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Gari likapungua kidogo, halafu kama lililobadili mawazo likaendelea, na likaanza kunuka, harufu ya chuma kilichosahauliwa motoni, na mguu wake wa kushoto unahangaika na klachi akitafuta gia ndogo, na gia inasaga meno haitaki kuingia. Kuta za matofali pande zote mbili. Hakuna pa kutokea. Akanambia nivute breki ya mkono, nikaitafuta chini ya mkoba, nikaivuta, ikaja yote juu kama mwiko kwenye uji, maana waya wake nao alikuwa ameulegeza kupisha bomba la moshi la injini mpya.

Hapo ndipo nilipogeuka nyuma. Nilitegemea kumkuta Mwanaidi analia. Halii. Amelisukuma sufuria mbali kwa kiwiko, ameyakunja magoti mpaka yanagusa tumbo, mikono yote miwili ameizungusha, na amefumba macho. Hakunitazama. Pilau limemwagika kitini, moshi unapanda, na mwanangu yuko kimya kama mtu ambaye ameshaagana na watu. Nimezaa sita na kuzika wawili, lakini hofu ile sijapata kuijua kabla wala baada. Nikasema Mungu wangu, nimempakia kwa mkono wangu.

Kule chini barabara inaishia kwenye ukumbi wenyewe. Nauona. Naona mazulia mekundu, naona watu wamejipanga pande mbili wakingoja msafara wa bwana harusi, na mbele yao vibinti vidogo vimevaa nyeupe, vimeshika vikapu vya maua, vimesimama katikati ya njia.

Shomari hakugeuza uso. Macho yako mbele.

"Mama," akasema, "niwie radhi. Nipe mguu wako."

Nawaapia, hata katika hali ile kichwa changu kilikataa kwanza. Mkwe! Kisha nikautupa mkoba miguuni, nikapandisha gauni mpaka kwenye goti (mpaka juu ya goti, kanda mnayo, nisiwadanganye), nikauvusha mguu wa kulia juu ya gia, nikaulaza juu ya mguu wake palepale kwenye breki, nikashika kiti kwa mikono miwili na kukanyaga kwa uzito wote niliopewa na Mungu. Nilisikia mifupa ya kidole chake ikilia. Nikakanyaga tena. Namtaja Mungu, namtaja mama yangu, naitaja mimba ile kama mtu ninayemjua. Gari likapiga ukelele, likatingisha kichwa, likapungua, likapungua tena, vibinti vikakimbia huku na huku, na tukasimama gurudumu moja likiwa juu ya zulia.

Watu wakadhani ni bwana harusi. Wakapiga vigelegele. Tarumbeta likaanza. Na yule mpiga video, aliyekuwa anangoja kwa kamera yake begani, akaja mbio mpaka dirishani kwangu na kuingiza taa, na ndani akatukuta vile mlivyotuona, mkwe na mkwe tumeshikamana, gauni liko mapajani, ndala yangu ya dhahabu imenasa chini ya breki, na mimi siwezi kuuondoa mguu kwa sababu umekataa kusikia. Bi Rukia mwenyewe alichungulia. Akasema, "Saumu, shoga yangu, ndiyo mtindo wa Barking huo?"

Nilikuwa nimeshageuka nyuma, namuuliza Mwanaidi.

Alifumbua macho. Akangoja. Watu wanapiga vigelegele, tarumbeta linalia, na yeye ameweka kiganja ubavuni anangoja, na mimi nangoja uso wake. Halafu akasema, "Anacheza."

Nililia mbele ya kamera. Hilo nalo limo, ila hapo hamsimamishi kanda.

Pale ukumbini niliketi nyuma na ndala moja. Mwanaidi akaja kukaa karibu yangu, ananuka pilau, akanambia kwa upole kwamba Shomari alikuwa amenionya mara tatu. Nikasema hakunionya. Nikasema angenambia breki hazifai ningekuwa na wazimu gani wa kupanda.

"Alikwambia, mama," akasema. "Alikwambia kama mkwe anavyomwambia mkwe wake. Ulitaka akwambieje?"

Nikazihesabu. Msaidizi. Treni. Tambarare. Zilikuwa tatu kweli.

Kesho yake Shomari alikuja na mzee mmoja wa kwao kuniomba msamaha kwa kuwa aliutaka mguu wangu. Alikuwa anachechemea, kidole kimevimba. Aliinama, macho chini. Mimi niliyekaribia kumuua mke wake na mtoto wake naombwa msamaha! Nikamwambia yule mzee anywe chai, hakuna kesi hapa, na Shomari nikamwambia tangu leo nikimuuliza habari ya gari anijibu ndiyo au hapana, usoni, na asinitafutie maneno mazuri. Kile kifimbo nikampa kabisa.

Pampu ilichukua wiki tatu kupata pa kukaa. Jumamosi moja katikati ya wiki hizo nilikuwa na sufuria la maharage ya nazi la kupeleka msikitini, nikamkuta amefunga boneti, anafuta mikono. Nikamuuliza, gari linafaa?

Akatazama chini kwanza, mazoea. Kisha akainua uso, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuyaona macho ya mkwe wangu, ni ya kahawia. Neno lilimtoka kwa taabu, nilimwona.

"Hapana, mama," akasema.

Nikamwambia ahsante. Nikaenda kituoni na maharage yangu, nikakaa kwenye basi nimeyapakata, mchuzi unanichuruzika gotini njia nzima, na sikumsema mtu yeyote.