Alkhamisi Tunakwenda Mjini

Watu wakisikia kisa hiki huniuliza, "Kwani nyumbani kwenu mlikuwa hamsemi, Huwaida?" Tukisema! Tukisema mpaka majirani wakichoka. Nyumba ile ilikuwa na Kiswahili cha namna tatu na Kiarabu juu yake, na kila mtu akijiona anafahamika. Ndiyo maana nina hasira mpaka leo. Tungekuwa mabubu, huenda tungeelewana.

Kiswahili cha kwanza kilikuwa cha mama mkwe wangu, Bi Mahfudha, mzaliwa wa Mkunazini, Unguja. Cha pili changu mimi, mtoto wa Tabora, na bibi yule hakuacha kunicheka tangu wiki ya harusi. "Haya, Mwarabu wa bara kaamka," akisema. "Leo tupikieni ugali, na Idi ndiyo hino." Cha tatu cha mume wangu Hamdun, aliyetolewa Unguja ana miaka miwili akakulia hapa Oman, Al Qabil, kwa jamaa za baba yake. Chake kilikuwa Kiswahili cha jikoni, cha kuombea chai.

Mama aliletwa Oman mwaka 1964. Nasema aliletwa kwa sababu hakuja. Mume alisema twende, akapakiwa melini. Walipofika Maskati hakuiona, kwa sababu alikuwa akilia, na palepale akapandishwa lori mpaka Al Qabil. Karatasi zake zilikuwa mikononi mwa mume, na mume alipokufa zikahamia kwa Hamdun. Maisha yake yote mama yule hakupata kushika tiketi kwa mkono wake. Alilojua ni kuambiwa siku, afunge mzigo.

Kule Al Qabil hakuwa na Kiarabu. Wanawake kwenye falaji, mfereji wa maji wa kijiji, walimcheka alivyochota maji, wakamcheka alivyotamka. Akajifunza cha kumtosha, akazika mume, akamlea Hamdun, akashona kofia akauza. Bahari hakuiona tena. Alikuwa mkali, msafi, mwenye mdomo, na mimi nilimwogopa. Nilimpenda pia, ila hilo halikupata kusemwa.

Basi, mwaka 1998. Hamdun alikuwa dereva wa basi la skuli ya wasichana, mimi karani wa skuli hiyohiyo. Tukabahatika kununua Toyota Kresida ya mkono wa pili. Binti zetu, Abeer wa miaka kumi na miwili na Hala wa sita, walikuwa hawajapata kuiona Maskati. Hawajui bahari, hawajui ngazi zinazotembea zenyewe. Alasiri moja tuko kwenye chai, Hamdun akakohoa kama mtu anayetaka kuposa.

"Mama, mwezi ujao, in sha Allah, Alkhamisi ya mwisho, tunakwenda mjini. Sote."

Mama akaweka kikombe chini. "Mjini?"

"Mjini."

"Hamdun, usinichezee mimi."

"Wallahi, Mama. Siku tatu, labda nne."

Akasema siku nne chache lakini alhamdulillahi. Akanifuata jikoni, nakaanga sambusa, mikono yote mafuta. "Huwaida, asema kweli huyu mwanangu? Mjini?"

"Kweli, Mama. Anza kutafuta hina kabisa."

Akanikumbatia. Miaka kumi na minne ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza. Nikamhurumia. Nikasema moyoni, masikini, kumbe alikuwa na hamu ya kuona maduka. Maduka! Nikikumbuka hilo natamani kujizaba kofi.

Wiki ileile Hamdun akampeleka Mama Ibra kupigwa picha za bitaka mpya, kwa sababu kitambulisho chake cha zamani kilichakaa. Mama akavaa kanga mpya kwa picha ile. Sisi hatukuuliza kwa nini.

Sisi wengine tukapanga yetu. Hamdun akaandika kwenye karatasi: shaka, yaani fleti, ya kukodi Matrah, bustani ya Kurumu, samaki wa kukaanga pwani. Hala akataka kuambiwa kila siku zimebaki siku ngapi. Abeer akanitajia kuwa Bibi kamwomba amwashie redio ya kanda, akasema kwenye kanda muda mrefu. "Bibi alisema nini?" "Mimi sijui, Mama. Kiswahili yake ngumu. Alilia kidogo, akasema Alkhamisi." Nikasema, haya, wazee.

Siku kumi kabla ya safari, akaja shoga yangu Ghalia kutoka Ibra na kopo la halwa lililofungwa kwa kitambaa, limeshonwa, na jina juu yake kwa wino.

"Mmpe mdogo wangu, yuko Ng'ambo, Kikwajuni. Na mwambieni asiwape watoto yote siku moja."

"Ng'ambo ya wapi tena, Ghalia? Maskati nayo ina ng'ambo?"

Akanitazama kama nimepotewa na akili. "Maskati? Si mama mkwe wako kasema mnakwenda Mjini?"

"Ndiyo. Mjini. Maskati."

"Huwaida, shoga yangu," akasema pole pole, "kwa mtu wa Unguja, Mjini ni kumoja tu, kwao."

Nikaingia chumbani kwa Mama bila hodi. Vifurushi saba vimepangwa ukutani: tende, halwa, vitambaa vya kanzu, dawa ya macho, kila kimoja na jina la mtu wa Unguja. Alikuwa amekaa mkekani anashona cha nane.

"Mama," nikasema, "hii safari…"

"Kaa, mwanangu. Nikwambie nnakwenda kufanya nini, maana hata Hamdun hajui."

Nikakaa. Alikuwa na dada, Thuraya, na mama yao hajiwezi, amelala kitandani. Ilikubaliwa kuwa Mahfudha ndiye atakayebaki kumwuguza. Asubuhi ile ya meli, mume yuko nje anamngoja, yeye alichungulia chumbani. Mama yake akamwuliza, wapi? Thuraya naye akamtazama. Akaona akiaga hatokwenda. Akawaambia, "Nnakwenda marikiti, narudi sasa hivi."

Mama yao aliishi miezi minane baada ya hapo. Kila jioni akimwuliza Thuraya, Mahfudha karudi marikiti? Alipokufa, Thuraya alipeleka salamu moja tu kwa mtu aliyekuwa akija Oman: "Mwambieni marikiti imefungwa." Basi. Hakusema naye tena, miaka thelathini na minne.

"Nnakwenda kumtaka radhi," Mama akasema. "Radhi haitakwi kwa barua. Nataka nimshike miguu. Nimempelekea kanda kumpa habari kuwa naja, kaichukua jirani yetu Shukriya, yeye keshafika huko. Mimi mzee, Huwaida. Nikifa sina radhi ya Thuraya, nitamwambia nini mama yangu?"

Niambieni nyinyi, pale mngefungua mdomo mkasema nini? Nikamshikia uzi.

Hamdun alipotoka kazini nilimvaa mlangoni, nikamwambia Mjini ya Mama ni Unguja. Uso ukamsawijika. "Tiketi za ndege? Mimi? Dereva wa basi?"

"Mpeleke peke yake."

"Pasi hana, picha ile ya Ibra ni ya bitaka tu. Na hata ikipatikana, moyo wake, tabibu kasemaje? Asipande ndege. Umesahau?"

Sikusahau. Mwaka uliopita tabibu alisema hivyo, na Hamdun aliona haifai kumtisha mzee, kwa hiyo hatukumwambia. Tulikuwa hodari sana wa kutomwambia mambo.

"Basi mwambie leo," nikasema.

"Niachie. Ni mama yangu mimi."

Kesho yake mchana akanijia ofisini, amechoka. "Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema yatosha."

"Hakulia?"

"Hapana. Alinibusu hapa kwenye paji."

Nilishangaa, lakini nikasema, ameumbwa na subira. Vifurushi havikuondoka ukutani. Nikamwuliza, "Mama, na hivi?" Akasema, "Vitafika kwa wenyewe." Nikadhani kapata mtu huko Maskati wa kumpa. Siku moja kabla ya safari nikamwuliza, "Na Shukriya, na ile kanda?" Akasema, "Nishazungumza naye kwa simu." Na hina akapaka. Nikaona anajikaza kwa ajili ya watoto. Ningeuliza swali moja zaidi, moja tu! Sikuuliza, maana niliogopa jibu.

Alkhamisi tukatoka baada ya sala ya alfajiri. Mama alikaa mbele na Hamdun, amevaa buibui lake la Unguja, lile la kamba, ambalo sikupata kuliona nje ya sanduku. Mimi na watoto nyuma, vifurushi vinane miguuni, chupa ya chai mapajani. Tukapita Ibra, tukaingia milimani, tukapita Bidbid na Fanja. Mama alichangamka mno. Akamfundisha Hala kusema shikamoo vizuri, "si shikamu, shi-ka-moo, utanitia haya mbele ya watu." Hamdun alicheka. Siku ile nilimwona mume wangu ana raha, akiwapeleka watu wake wote kwa gari yake mwenyewe.

Tulipofika kwenye kile kipilefti kikubwa chenye mnara, tukashika njia ya kulia. Mara ndege ikashuka chini chini mbele yetu, Hala akapiga kelele. Mama akajiweka sawa. Akafunga buibui, akachukua mkoba wake, akauweka mapajani. Kibao cha kiwanja cha ndege kikatokea, kina picha ya ndege, hata asiyejua kusoma anakijua.

Kikatupita.

"Hamdun," Mama akasema kwa upole, "umepita, baba."

"Nimepita nini, Mama?"

"Kiwanja. Umekipita kule."

Abeer, mtoto mwenye adabu, akainama mbele akamshika bega. "Bibi, si hapa. Mjini bado iko mbele. Dakika kidogo tu."

Nikamwuliza Hamdun, na sauti yangu sikuitambua, "Ulimwambia nini siku ile? Neno kwa neno."

"Nilimwambia…" Akapunguza mwendo. "Nilimwambia, Mama, hatwendi mbali kama unavyodhani. Tunakwenda mjini tu."

"Nami nikamwambia yatosha," Mama akasema. "Mjini tu yanitosha, shamba kule Unguja sina haja napo."

Akageuka akatazama nyuma, si kunitazama mimi, kiwanja. Kisha akatazama vifurushi, kimoja kimoja. Nikajua kuwa keshafahamu kila kitu. Nikaanza kulia mimi, mtu mzima, mbele ya watoto wangu. Yeye hakulia.

"Shukriya alipiga simu juzi," akasema. "Nyinyi mko skuli. Thuraya kaisikiliza kanda yote. Kasema, mwambieni marikiti haijafungwa. Kasema atakwenda mwenyewe kiwanjani Kisauni kunipokea, na miguu yake ile mibovu."

"Mama, tutampigia," Hamdun akasema. "Tukifika tu, napiga simu."

"Thuraya akiambiwa Alkhamisi hutoka alfajiri. Atakuwa keshakaa kiwanjani." Akauteremsha mkoba kutoka mapajani, akauweka chini miguuni. "Mara ya kwanza nilimwambia narudi sasa hivi. Na sasa nimemwambia naja."

Hamdun aliwasha taa ya kugeuka, akaizima. Barabara ile ilikuwa na ukingo katikati, hapana pa kugeuzia, na magari yalikuwa yanatusukuma kwa honi kwenda mbele.